Pikipiki Inayopitwa na Baiskeli

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, jua bado limejificha nyuma ya milima, na kwenye barabara ya Rumonge pikipiki mpya kabisa inapitwa na baiskeli.

Wala si baiskeli ya mashindano. Ni baiskeli ya mizigo, imebeba mikungu ya ndizi mbele na nyuma, na mwenyewe anakanyaga huku akipiga mluzi. Anapofika ubavuni mwa pikipiki anapunguza mwendo, anaitazama ile nailoni ambayo bado haijabanduliwa kwenye tangi, kisha anamtazama aliyeikalia.

"Dada, imekufa?"

"Iko hai kukushinda we," anajibu Mwanamwema Hamimu bila kugeuza shingo. "Pita, baba. Safari njema."

Baba anapita. Linapita na basi dogo la Kabezi, kondakta amechomoza kichwa dirishani anacheka meno nje. Mwanamwema hana habari nao. Mkono wake wa kulia unavuta mafuta kidogo, unaachia, unavuta tena. Helmeti ameivaa juu ya mtandio, koti la baridi juu ya gauni refu, na nyuma ya kiti kumefungwa mafungu ya lengalenga, ule mchicha wa huku, yenye umande. Sikio lake moja liko barabarani, la pili liko kwenye moteri.

Kazi yake ndiyo hiyo. Mjini Bujumbura, pikipiki inapotoka dukani, au inapofunguliwa na kuwekewa pistoni na silinda mpya, haifai kupelekwa mbio siku hiyo hiyo. Ringi za pistoni bado ni kavu, hazijakaa sawasawa ndani ya silinda. Zinataka kusuguana taratibu kwanza, bila joto kali na bila mzigo mzito. Mafundi wanaiita rodaji, na mtu anayeifanya kwa niaba ya wenzake, asubuhi hadi adhuhuri, mwaka nenda mwaka rudi, ni huyu mama wa watoto wawili kutoka Buyenzi.

"Watu wanafikiri naogopa mwendo," anasema baada ya kusimama pembeni kuipumzisha pikipiki. "Mi siogopi kitu. Nasikiliza. Ukikimbia hausikii."

Hii aliyonayo leo si ya mtu mmoja. Ni ya wanawake kumi na wanane wa Kanyosha, wakulima na wauza mboga, waliojiunga katika kikundi chao wanachokiita Terimbere, yaani Songa Mbele. Wamechanga zaidi ya miaka mitatu kuipata. Hawana nyingine, na hakuna hata mmoja kati yao anayejidanganya kwamba watachanga tena. Moteri ikishika, yaani pistoni ikikwama ndani ya silinda, nyanya zao zitarudi kuteremshwa mlimani kichwani, kama walivyofanya mama zao. Na kwa siku moja ya wiki iliyopita, ilibaki kidogo sana ishike.

* * *

Mwanamwema hakuitafuta kazi hii. Baba yake, mzee Hamimu, alikuwa fundi wa moteri pale Buyenzi, na alikuwa na ugonjwa mmoja tu: hasira. Alikuwa anafunga moteri usiku kucha, anamkabidhi mtu asubuhi, na wiki haiishi mtu yuleyule anarudi akiisukuma pikipiki huku akimtukana. Fundi gani wewe? Umeniwekea vyuma vya kuokota!

"Baba anafungua, anakuta silinda imekwaruzika. Mutu alipakia watu wawili siku ya kwanza, akapanda nao mulima," anasimulia. "Siku moja akasema basi. Pikipiki haitoki hapa mpaka nimeifanyia rodaji mi mwenyewe. Lakini mguu wake ulikuwa mubovu, hauwezi kukanyaga gia. Akaangalia huku, akaangalia huku, kaka zangu hawapo. Nikabaki mi."

Alikuwa na umri wa miaka kumi na saba. Buyenzi nzima ilitoka nje kuangalia. Wapo waliosema binti atakosa mume kwa kupanda pikipiki, na mume mwenyewe akapatikana miongoni mwa waliokuwa wakiangalia. Ni fundi cherehani, mpole, na anasema mke wake hajawahi kumpandisha hata mara moja. "Kila siku ananiambia hii bado, hii bado," analalamika, na Mwanamwema anacheka hadi anafuta machozi.

Leo mzee Hamimu hafanyi kazi tena, lakini desturi yake imebaki. Azzan, ambaye familia yake yenye asili ya Oman imeuza vipuri hapa mjini tangu enzi za babu yake, hampi mtu dhamana ya moteri ambayo haikupita mikononi mwa Mwanamwema. Anawaambia wateja mbele ya kaunta yake: "Ukitaka kuichukua moja kwa moja, chukua, mali yako. Lakini ikishika usinitafute, wala usinitajie jina la mama yangu."

Ndivyo wanawake wa Terimbere walivyotumwa kwake.

* * *

Kiongozi wao anaitwa Jovithe. Ni mwanamke wa makamo, mnene, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya bonde. Mume wake alifariki zamani, watoto watano amewasomesha kwa nyanya za kilima cha Muyira, na hapendi kitu chochote kinachokaa bure. Siku alipoambiwa kwamba pikipiki itatembea wiki mbili bila kubeba kitu, alivua kiatu akakaa juu yake.

"Tumenunua moto ao tumenunua mugonjwa?" aliuliza, maana hapa pikipiki ndiyo moto.

Na hakuwa na kosa. Nyanya zilikuwa zimeiva zote kwa mpigo, mvua imezipiga, na wapishi wa majumba ya Kiriri wanaokuja kununua Kanyosha hawachukui nyanya iliyopasuka. Petroli nayo! Foleni kwenye vituo ilikuwa ya kulala hapo hapo, na wasio na subira walikuwa wakiinunua kwenye chupa kwa bei ya kutia uchungu. Sasa mtu akwambie uimwage hiyo petroli barabarani, kwenda Kabezi na kurudi, kiti kitupu!

"Esansi ni kama damu, na huyu dada anataka tuimwage ju ya matembezi," Jovithe aliwaambia wenzake. Wakamuunga mkono.

Mwanamwema, ambaye ameyasikia maneno hayo kwa kila mteja tangu usichana wake, hakubishana. Alitaka wampe kitu cha kushika, wamwache afanye kazi. Kwa hiyo akawapa namba. Aliionyesha saa ya kilometa pale kwenye usukani, akasema: "Ikifika mia tano, mutapakia mutakavyo. Kabla ya hapo, apana."

Leo anakiri kwamba hapo ndipo alipowatega bila kujua. "Kosa nusu ni langu. Mutu ukimupa namba, anaangalia namba."

Aliyeiangalia namba kuliko wote ni Melchior. Huyu ni kijana wa miaka ishirini na sita, mkwe wa Jovithe, aliyechaguliwa kuwa dereva wa kikundi baada ya kubeba mizigo kwa baiskeli miaka mingi. Mtu wa adabu, mchapakazi, hanywi. Alikuwa anaona mama mkwe wake halali kwa ajili ya nyanya, na alikuwa anaona namba inapanda taratibu kama konokono. Basi siku Mwanamwema alipoiacha pikipiki Kanyosha ili akahudhurie harusi ya binamu yake Buyenzi, Melchior akapata akili.

Jumatatu asubuhi Mwanamwema alipofika uwanjani kwa Jovithe, alikuta sherehe. Wanawake wamevaa vitenge vya kanisani, matenga matupu ya nyanya yamepangwa, kamba ziko tayari, na mmoja ameanzisha wimbo. Saa ya kilometa inasoma mia tano na ushee. Melchior amesimama kando ya pikipiki, ameifuta mpaka inang'aa, anatabasamu mpaka masikio yanasogea.

"Dada Mwanamwema, imetimia!" alimpokea Jovithe kwa kumkumbatia. "Karibu, tulikungoja we tu utupe baraka."

Mwanamwema alifurahi nao kwa muda wa kuvua helmeti. Kisha pua yake ikamwambia kitu. Kulikuwa na harufu ya breki zilizoungua. Akakanyaga breki ya nyuma, ikazama mpaka chini. Akafungua tangi: petroli ilikuwa palepale alipoiacha Ijumaa. Akachomoa kijiti cha oili, akaisugua kati ya vidole viwili. Moteri mpya ikifanya kazi, oili yake inabadilika rangi na kuanza kung'aa vumbi la chuma. Hii haikuwa imebadilika hata kidogo tangu Ijumaa.

"Melchior," akasema polepole, "esansi ulipata wapi?"

"Sikutumia hata tone, Dada!" alijibu kijana, kifua mbele. Hapo alikuwa anangoja sifa.

Akaeleza mwenyewe, bila kuulizwa mara ya pili. Rafiki yake ana kamiyo, lori la kuchukua viazi Bugarama, na kamiyo ikipanda mlima huwa tupu. Wakaipakia pikipiki Jumamosi, wakaishusha kule juu kwenye ukungu, naye akaikalia, moteri imezimwa, gia haipo, akateremka nayo mpaka chini. Kilometa thelathini na zaidi za mteremko, bure! Jumapili baada ya misa wakarudia, na jioni wakarudia tena. Kila gurudumu lilipozunguka, namba ilipanda. Alikuwa amewaokolea wamama siku nzima za kungoja na chupa kadhaa za petroli.

Mwanamke mmoja akaanza kucheka, akajiziba mdomo, akashindwa.

"Melchior, baba," alisema Mwanamwema, "gurudumu limetembea. Moteri ililala usingizi njia yote. Umeifanyia rodaji breki."

* * *

Mtu angetarajia mambo yaishe hapo. Hayakuisha, kwa sababu nyanya zilikuwa kule mlimani, zimeiva kupita kiasi, na wanunuzi wamekwisha kupigiwa simu. Jovithe alikuwa ameshika ufunguo ngumini. Alisema Mungu anajua, kijana alikuwa na nia njema, na pikipiki ni chuma, si mayai. Apakie leo tu, mbolea wakati wa kupanda na matenga manne wakati wa kushuka, mara moja tu, kisha rodaji iendelee.

"Mara moja tu," alirudia, na wenzake wakaitikia.

Mwanamwema anasema alisogea akasimama mbele ya gurudumu, maana anaijua barabara ya Muyira. Ni kupanda tu, mawe na udongo, na juu yake mzigo wa watu watatu. Moteri changa ikibanwa hivyo inapata joto, pistoni inavimba, inang'ang'ania ndani ya silinda, na hapo hakuna fundi wala dua. Angeweza kupandisha sauti. Angeweza kumpigia Azzan. Badala yake alimuuliza Jovithe swali.

"Mama Jovithe, binti yako alipojifungua mwaka jana, ulimutuma shambani siku ya ngapi?"

Jovithe alizungusha ufunguo kidoleni.

"Jembe lilikuwako?"

"Lilikuwako."

"Na mahindi yalikuwa yanangoja?"

"Yemwe, Mwanamwema! Mutoto wangu na moto ni kitu kimoja?"

"Apana. Mutoto wako alipona kwa sababu ulimungoja. Hii nayo inakungoja we."

Jovithe alikunja uso. Kisha akageuka, akazitukana nyanya zake za kule mlimani kwa Kirundi, nyanya moja moja, akamrushia Mwanamwema ufunguo.

Lakini naye alikuwa na neno lake, na Mwanamwema anakubali kwamba lilikuwa neno la haki. "Sawa, hatupakii nyanya," alisema Jovithe. "Lakini we unatembeza kiti kitupu na esansi yetu. Niambie, hakuna kitu hata kimoja chepesi ambacho moteri yako inaweza kubeba bila kufa?"

Mwanamwema alifungua mdomo aseme hakuna, kama alivyokuwa amesema miaka yote, kama alivyokuwa amesema baba yake. Akaufunga. Kwenye barabara tambarare, mzigo mwepesi hauidhuru moteri changa. Tena ikishapita siku zake za kwanza, huusaidia kuzoea. Wateja wake wote walikuwa waendesha teksi, na kwa mwendesha teksi mzigo mwepesi haupo, upo abiria na kilo zake. Hakuwahi kufanya kazi na watu wa mboga.

"Lengalenga," alisema.

Ndiyo maana leo nyuma yake kuna mafungu ya lengalenga kutoka bustani za kando ya ziwa. Kila asubuhi, tangu Jumatatu ile, anakwenda nayo polepole na kurudi nayo polepole, na mboga inafika sokoni Kanyosha bado ina umande. Wanawake wanaiuza, na kinachopatikana kinanunua petroli ya kesho. Melchior amebadilisha breki kwa jasho lake mwenyewe, na nyanya ameziteremsha kwa baiskeli yake ya zamani, kila siku. Nyingine zimeharibika. Jovithe amezipika rojo, akawagawia majirani huku akisema ni sadaka ya rodaji.

* * *

Jumamosi ndiyo siku ya kuujua ukweli.

Mwanamwema anamwaga oili kwenye kivuli chembamba cha ukuta wa Jovithe. Sasa ni nyeusi, na anapoigeuzia juani inameta. Anawaita wanawake waje waione, kila mmoja atie kidole. Anatia oili mpya. Anawasha, anaweka kiganja karibu na silinda, anainamisha kichwa. Kisha anaanza kufunga mifuko ya mbolea ya kupeleka mashambani Muyira: mmoja, wa pili.

"Inatosha," anasema Jovithe.

Mwanamwema anafunga wa tatu.

"Inatosha, nakuambia! Mwanamwema, utaiua! Melchior, toa ule mufuko. Na upande polepole, polepole kabisa, ukisikia inalia usimame, uingoje ipoe…"

Wanawake wanatazamana. Huyu ndiye yule aliyetaka kupakia matenga manne moteri ikiwa haijafumbua macho! Mmoja anamkumbusha, na uwanja mzima unapasuka kwa kicheko. Jovithe hacheki. Ameshika kiti cha pikipiki kwa mikono miwili, kama mtu anayemzuia mtoto asivuke barabara.

Mwanamwema anamwondoa mikono, taratibu, kidole kwa kidole.

"Mama, kazi ya kuibembeleza imekwisha. Iko kubwa sasa. Ukiibembeleza hii utaiharibu vilevile." Kisha anamgeukia Melchior. "Panda. Ukifika kwenye ule mulima, usiionee huruma. Ivutie mafuta."

Melchior anaondoka. Pikipiki inapita nyumba za mwisho, inaanza kupanda, inapotea nyuma ya migomba. Sasa imebaki sauti tu, na wanawake kumi na wanane wamesimama uwanjani wakiisikiliza, wengine wameshika vifua. Kwenye kona ya kwanza inashuka gia. Kwenye kona ya pili, ambako ndiko kubaya zaidi, sauti inakuwa nzito, inazidi kuwa nzito, na Jovithe anafumba macho.

"Imekufa," ananong'ona.

"Inafanya kazi," anasema Mwanamwema. "Ile ndiyo sauti ya kazi. Isikie vizuri, uizoee."

Na sauti inapanda. Inapanda moja kwa moja, bila kukatika, mpaka inakuwa nyembamba juu kabisa ya Muyira, mpaka upepo unaichukua. Jovithe analia wazi, wala hajifuti. Saa moja baadaye Melchior anarudi na matenga manne ya nyanya, hata moja haijapasuka, na Mwanamwema anagusa silinda mbele yao wote: ya moto kama inavyotakiwa, basi.

Wanataka kumchinjia kuku. Anakataa, ana moteri nyingine inayomngoja Kamenge, ya mtu mkaidi, na mkaidi haachiwi pikipiki mpya mwisho wa wiki. Anavua helmeti, anarekebisha mtandio, anaanza kutembea kwenda kwenye basi. Ndiyo, basi. Mwanamke ambaye nusu ya pikipiki za mitaa ya pembeni zimejifunza kutembea mikononi mwake hana hata moja ya kumrudisha nyumbani.

Hilo anasema liko mbioni. Azzan amemwekea moteri moja, imeharibika nusu, na yeye na baba yake wanaikusanya kipande kwa kipande ndani ya chumba wanacholala watoto. Mume amekwisha kushona kitambaa cha kiti. Inshallah, kabla mvua hazijarudi, itakuwa imesimama juu ya magurudumu yake.

"Ile nitaifanyia rodaji taratibu kuliko zote," anasema, basi likiwa limesimama na kondakta akipiga mlango kumharakisha. "Nitaipeleka Kabezi, baiskeli zinipite, wanicheke. Watacheka wachoke. Halafu siku ikikomaa nitamupakia mume wangu nyuma, nitaelekea Rumonge, na nitaivutia mafuta mpaka mwisho. Sijawahi, unajua? Moteri zote hizi, hata moja sijaisikia mpaka mwisho. Ikishakomaa tu, mwenyewe anakuja kuichukua."

Anapanda ngazi ya basi, anageuka.

"Lakini ile, mwenyewe atakuwa mimi."